Kuzuru makaburi na minara ya vita nyanda za juu kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila inapokaribia Julai napata maswali yaleyale kutoka kwa watu wanaotaka kupita Iringa au Mbeya na kuona makaburi ya vita, ngome na minara. Wengine ni walimu wenye wanafunzi, wengine wamesikia tu nyumbani kwamba babu alikuwa Keya, yaani askari wa jeshi la Kiafrika la Waingereza (KAR). Mimi ni mwenyeji wa Iringa. Sehemu hizi nimezitembelea na wageni, nimezitembelea na ndugu zangu, na mara nyingi nimekwenda peke yangu. Baba wa bibi yangu alichukuliwa upagazi mwaka 1916 na hakurudi, na hakuna kaburi lake mahali popote. Nalitaja hilo mapema ili ujue ni kwa nini baadhi ya majibu hapa chini ni marefu kuliko mengine.

Nina siku mbili tu. Nianzie wapi?

Ukitokea Dar es Salaam, anza kabla hujafika mjini. Ukishapanda Kitonga na kupita Ilula, mnara wa Lugalo uko kando ya barabara kuu. Mchana huohuo ingia Iringa mjini: makaburi ya vita, mnara wa Majimaji karibu na kituo cha polisi, na makumbusho ya Boma, ambayo yamo ndani ya jengo lililojengwa na Wajerumani. Siku ya pili nenda Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, kisha Mlambalasi, kama kilomita 50. Zote mbili ziko upande wa njia ya Hifadhi ya Ruaha.

Mbeya usiibane ndani ya siku hizo mbili. Kutoka Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na malori ya Tunduma hayakuachii barabara.

Lugalo palitokea nini hasa?

Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilikuwa kinapanda kuja Uhehe. Kiongozi wake alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo kwa ukali wake. Wahehe walikuwa wamejificha kwenye majani na mawe ya bonde, wakiongozwa na Mpangile, ndugu yake Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Wakaiacha safu ndefu ya askari na wapagazi iingie yote bondeni, ndipo wakashuka na mikuki. Bunduki nyingi za kikosi hazikuwahi hata kujazwa risasi. Zelewski aliuawa, na askari wake wa Kiafrika walikufa kwa mamia. Wahehe nao walizika watu wengi.

Mnara unaouona ulisimamishwa na Wajerumani kwa ajili ya watu wao. Simama hapo, halafu geuka uwape mgongo waliojenga mnara na ulitazame bonde, kwa sababu wengi waliokufa pale mnara haukujengwa kwa ajili yao. Hata askari waliokuwa chini ya Zelewski wengi hawakuwa watu wa huku. Walikuwa Wasudani, na wengine waliandikishwa Msumbiji. Walikufa mbali na kwao, katika vita ya mtu mwingine, mikononi mwa wenyeji waliokuwa wanailinda nchi yao.

Jina hili unalijua tayari kama umewahi kupita Mwenge. Kambi ya Lugalo ya Dar es Salaam zamani iliitwa Colito, jina la mahali huko Ethiopia ambako askari wa Keya walipigana mwaka 1941. Baada ya uhuru kambi ikapewa jina la bonde hili la Iringa.

Fuvu la Kalenga ni la Mkwawa kweli? Na inafaa kwenda kulitazama?

Fuvu lililoko Kalenga ndilo lililorudishwa rasmi kama la Mtwa Mkwawa, na familia yake ililipokea. Kalenga ilikuwa ngome yake, yenye ukuta wa mawe, mpaka Wajerumani chini ya Gavana Friedrich von Schele walipoipiga kwa mizinga na kuiteka Oktoba 1894. Mkwawa akatoroka, akapigana vita ya msituni karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona wamemfikia, alijipiga risasi kuliko kukamatwa. Wakamkata kichwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa. Mkataba wa mataifa makubwa ya dunia ulimtaja mtu wa Kalenga, na bado ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining alilichukua kwenye jumba la makumbusho huko Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Kuhusu kufaa: nenda, lakini nenda kama unayekwenda msibani. Vua kofia, punguza sauti. Usipige picha kabla hujamwomba mwenyeji wako, na akisema hapana usimbembeleze. Wapo wageni wanaoingia wakicheka kwa sababu hawajui la kufanya mbele ya mfupa wa mtu. Kukaa kimya kunatosha kabisa.

Mlambalasi kuna nini cha kuona kama fuvu liko Kalenga?

Kaburi la mwili wake. Ukishaona Kalenga, Mlambalasi ndipo habari inapokamilika, kwa maana kichwa kiko huku na kiwiliwili kiko kule, na mpaka leo havijalala pamoja. Karibu na kaburi kuna pango la mwamba ambamo wanaakiolojia wamechimbua mabaki ya watu walioishi hapo maelfu ya miaka iliyopita. Ni mahali pa upepo na ukimya. Beba maji.

Makaburi ya vita ya Iringa mjini ni ya nani?

Ni ya askari wa majeshi ya Uingereza na washirika wake, wa vita kuu vyote viwili. Yanatunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, na utaona tofauti mara moja: majani yamekatwa, mawe yamepangwa kwa mistari, kila moja lina jina au neno la kumtaja aliyelala.

Jeshi lililoiteka Iringa tarehe 29 Agosti 1916 lilikuwa la Jenerali Edward Northey, lililovuka kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, mwezi Mei mwaka huo. Lilipita Tukuyu, likapigana Malangali mwezi Julai, likapanda mpaka hapa. Mwishoni mwa mwaka huohuo Wajerumani waliokuwa wanarudi kutoka Tabora walilishambulia tena, na vita ikapiganwa juu ya migongo ya watu wa vijiji vya kuanzia Iringa hadi Lupembe na Ilembula.

Nimezunguka makaburi yote na sikuona majina ya Waafrika kama nilivyotarajia. Wako wapi?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Vita ya hapa ilipiganwa mahali ambapo mbung'o waliwaua farasi, ng'ombe na nyumbu. Magari yalikuwa machache, na barabara zilikuwa matope nusu mwaka. Kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa lilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Mzigo mmoja ulikuwa kama kilo 25. Mwanamume alichukuliwa shambani, pengine kwa kamba, akatembea wiki nzima kwenda mahali ambapo lugha yake haikujulikana. Chakula kilikuwa unga usioiva vizuri. Watu wa joto walipandishwa kwenye baridi ya Njombe na Uporoto wakiwa na kitambaa kimoja kiunoni. Wachache waliuawa na risasi, ila kuhara damu, nimonia na njaa viliwamaliza kwa maelfu.

Upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya wapagazi waliokufa katika Afrika Mashariki yanafika karibu 95,000. Upande wa Wajerumani hesabu haikutunzwa hivyo. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi hao. Tunanunua nguo na viazi ndani ya jina lao kila siku.

Mwaka 2021 tume hiyohiyo inayotunza makaburi ya Iringa ilitoa ripoti kuhusu jambo hili na kukiri kwamba Waafrika na Waasia waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa usawa. Ripoti ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni Aprili mwaka huo.

Siku moja nilikwenda pale na binti wa dada yangu, ana miaka tisa. Tulimkuta mzee mmoja amekaa kivulini kando ya uzio. Binti akamwamkia, "Shikamoo babu," kisha akamuuliza, "Hawa waliobebewa mizigo wamezikwa hapa. Waliobeba wamezikwa wapi?" Mzee akaitikia marahaba, akanyoosha mkono kuelekea barabara ya Dodoma, akauzungusha polepole mpaka ukaelekea Mafinga. "Huko kote, mwanangu," akasema.

Kwa hiyo ukifika Iringa, soma majina yaliyoandikwa. Kila mmoja alikuwa mtoto wa mtu. Ukimaliza, toka nje ya uzio, utazame njia, na uwape wengine dakika zilezile ulizowapa hawa.

Mnara wa Majimaji mjini Iringa unamkumbuka nani? Nilidhani Majimaji ilikuwa ya Songea.

Unawakumbuka waliokufa katika vita ya 1905 hadi 1907. Ila hapa inabidi uwe mwangalifu, maana kusini hatukuwa upande mmoja. Wabena walipigana na Wajerumani, na Septemba 1905 misheni ya Yakobi karibu na Njombe ilishambuliwa. Wangoni walipigana kwa nguvu sana. Lakini viongozi wa Uhehe, miaka saba tu baada ya kifo cha Mkwawa, na wa Usangu, walikaa upande wa Mjerumani. Ukimuuliza mzee wa Usangu habari za Mkwawa mwenyewe, utasikia hadithi tofauti na ya Kalenga, kwa sababu ukoo wa Merere ulifukuzwa Utengule na Wahehe na ukarudi kwa msaada wa Wajerumani.

Usiogope kusikia haya. Sikiliza pande zote, usimsahihishe mwenyeji nyumbani kwake.

Songea ni safari ya peke yake, kupitia Makambako na Njombe. Pale kuna makumbusho ya Majimaji na kaburi la pamoja la walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Ukiweza, nenda mwishoni mwa Februari, wakati wa maadhimisho. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo na kuomba radhi mbele ya wajukuu wa waliouawa.

Askari wa kikoloni walikuja kututawala. Kwa nini nisimame kwa heshima mbele ya makaburi yao?

Hakuna anayekulazimisha, na hasira yako ina haki. Mimi mwenyewe ilinichukua muda. Nilichokuja kukiona ni kwamba kusimama mbele ya kaburi si kumuunga mkono aliyemtuma marehemu. Katika Vita Kuu ya Kwanza Mnyamwezi alikuwa askari wa Mjerumani na binamu yake akawa askari wa Mwingereza. Askari Waafrika wa Mjerumani waliotekwa waliandikishwa tena na Keya, mpaka kikaundwa kikosi kizima, cha sita, wakapigana na wenzao wa jana. Ukitaka kumheshimu mmoja na kumwacha mwingine, hutajua uanzie wapi.

Hasira ielekeze kwa walioamua vita, huku ukitamka kwa sauti majina ya waliokufa ndani yake.

Mbeya kuna nini? Kila mtu ananiambia hakuna kitu.

Mjini ni kweli hakuna mengi ya vita hivi, kwa sababu Mbeya yenyewe ilikua miaka ya 1920 na dhahabu ya Chunya. Vita ilipopita hapa mji haukuwepo. Makao ya Wajerumani yalikuwa Tukuyu, waliyoiita Neu Langenburg. Nenda huko, halafu uteremke mpaka ziwa Masoko, ziwa dogo la volkano lenye maji ya kijani kibichi. Boma la jeshi la Wajerumani liko ukingoni, la mawe, na baadaye likatumika kama mahakama. Watu wa Rungwe husimulia kwamba Wajerumani walipokimbia mwaka 1916 walitupa silaha na fedha ziwani. Wavulana watakuja kukuuzia sarafu za zamani. Sikiliza hadithi, iheshimu, na sarafu usinunue.

Kwa mwenye gari na muda, barabara ya Mbozi kwenda Tunduma inafuata njia ya mwisho ya vita yote. Oktoba na Novemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipita Ubena, akamwacha mwenzake Jenerali Wahle mgonjwa huko, akavuka kuingia Zambia ya leo. Ulaya walikwisha weka silaha chini tarehe 11 Novemba. Yeye alikuwa bado anapigana, na alipata habari siku chache baadaye kando ya mto Chambeshi. Akajisalimisha tarehe 25 Novemba mjini Abercorn, sasa Mbala. Wapagazi waliokufa katika siku zile kati ya tarehe 11 na ujumbe kufika, walikufa vita ikiwa imekwisha. Nyuma ya majeshi yakaja mafua makubwa ya mwaka ule, yakawakuta watu wasio na akiba ya chakula ghalani.

Babu yangu alikuwa Keya na alikwenda Bama. Nitapata wapi habari zake?

Anzia nyumbani, na uanze leo, maana wazee wanaondoka. Waulize: aliandikishwa wapi, alikuwa na namba gani, alitaja nchi gani? Keya wa vita ya pili walikwenda Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma, ndiyo Bama ya wazee, mwaka 1944. Tafuta cheti chake cha kuachishwa jeshi na medali. Mara nyingi vimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi.

Kama alifia vitani, tume ya makaburi ya vita ina orodha kwenye intaneti unayoweza kutafuta kwa jina bila malipo. Majina yetu yaliandikwa na makarani waliosikia kwa sikio la kigeni, kwa hiyo jaribu tahajia nyingi. Mwakyusa waweza kumkuta bila y, na l na r hubadilishana. Kama alirudi hai, orodha hiyo haitamtaja, na usihuzunike kwa kutomwona.

Kuna makaburi ya wapigania uhuru wa nchi jirani huku?

Ndiyo, na yametembelewa kidogo mno. Mgagao, wilayani Kilolo, palikuwa na kambi ya wapiganaji wa Zimbabwe, na tamko la maofisa wao la mwaka 1975, lililobadilisha uongozi wa chama chao, linajulikana kwa jina la mahali hapo. Vijana waliokuja kujifunza vita kwenye baridi ile wengine hawakuondoka. Usiende moja kwa moja. Pita ofisi ya kijiji kwanza, ujitambulishe, ueleze nia yako, upewe mwenyeji.

Nivae nini? Niruhusiwe kupiga picha?

Nguo za heshima, viatu vya kutembea, na sweta. Juni na Julai huku kuna baridi inayouma. Usivae kabisa nguo zinazofanana na sare za jeshi, hata koti la mtumba lenye madoa ya kombati. Ni kosa kwa raia, na wageni hushikwa kwa kutojua. Picha za makaburi na minara kwa kawaida hazina tatizo, ila mnara wa Majimaji uko karibu na polisi, basi omba ruhusa kwanza na uangalie kamera yako inaelekea wapi. Kambi za jeshi usipige, hata ukiwa ndani ya basi.

Nikifika kaburini nifanye nini? Niombe? Niweke maua?

Fanya kama unavyofanya kwa wafu wa kwenu. Mkristo asali, Mwislamu aombe dua, asiye na dini asimame. Shada la maua ni sawa. Katika maadhimisho ya kitaifa ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na wengine upinde na mshale. Napenda desturi hiyo, kwa sababu inawafikia hata waliokufa kabla hatujawa taifa. Kwenye makaburi ya ukoo, kama Mlambalasi, mambo ya tambiko waachie wenyewe. Ukialikwa kushiriki, kaa nyuma na ufuate unachoambiwa.

Ni msimu gani mzuri?

Juni hadi Oktoba. Mvua ikishaanza, njia za Mlambalasi na Masoko huwa za utelezi.

Watoto waje?

Waje, kuanzia umri wa kuuliza maswali. Wadogo sana Kalenga inaweza kuwatisha, basi waeleze nyumbani kwanza kwamba wataona mfupa wa babu mmoja aliyeipenda nchi yake. Wapeni kazi: kila mtoto achague jina moja kwenye makaburi ya Iringa, alinakili kwenye daftari pamoja na umri wa marehemu kama umeandikwa. Wengi watashangaa kukuta umri wa kaka yao.

Nimeokota risasi ya zamani shambani karibu na Malangali. Niichukue kama kumbukumbu?

Hapana. Usiiguse tena, kwa sababu baruti ya miaka mia bado inaweza kulipuka. Weka alama ya mti au jiwe mbali kidogo, kisha kamwambie mwenyekiti wa kijiji. Kama kando yake kuna mifupa, mwambie na hilo. Huenda ni mmoja wa wale ambao mzee wa pale kivulini alikuwa anawaonyesha kwa mkono.